Lango la Nyamizi

Katika nchi yetu hakuna mtu anayeichukia kazi yake. Nasema hivi bila woga, kwa sababu jambo lenyewe lilikwishatangazwa na serikali, na serikali yetu haijawahi kutangaza uongo. Hutangaza kwanza, kisha ukweli hufuata polepole, kama ng'ombe wa mwisho anayerudi zizini.

Wenye furaha kuliko wote ni sisi wa Kitovu. Kitovu ni kampuni ya teknolojia, na ni kubwa hata imekuwa vigumu kujua yenyewe inaishia wapi na serikali inaanzia wapi. Simu ni za Kitovu, mtandao ni wa Kitovu, mita za maji, kadi za kliniki, maduka ya dawa, na hata ile sauti inayokukatalia leseni, vyote ni vya Kitovu. Bunge lilipotunga sheria ya kuidhibiti kampuni, lilikutana katika ukumbi wetu kwa kuwa wa kwao ulikuwa unavuja. Waheshimiwa walikula chakula chetu cha mchana na wengine wakaomba cha kubeba. Sheria hiyo ni nzuri sana. Tuliiandika wenyewe.

Jengo letu lote ni la kioo, na ndani yake hamna kilichosahauliwa. Asubuhi kuna supu ya mbuzi na chapati. Mchana kuna jiko la pwani na jiko la bara, ili pasitokee ukabila. Kuna kinyozi, fundi cherehani, daktari wa meno, msikiti, kanisa, shule ya watoto, na chumba cha usingizi wa mchana chenye mtu wa kukufunika shuka. Ukiugua, unatibiwa kabla hujamaliza kueleza unaumwa wapi. Kazi nazo si za kuvunja mgongo. Mimi, Sudi, nimo katika kikosi cha watu arobaini tunaoshughulikia kile kitufe cha kijani kilichoandikwa "Nimekubali". Mwaka jana tulikisogeza kidogo kulia. Mwaka huu, Mungu akipenda, tutakirudisha.

Jambo lenye ugumu kidogo ni kutoka tu. Wakati wa kuingia unalitazama lango, lango linakutazama, unatabasamu, linafunguka. Wakati wa kutoka ni vilevile, isipokuwa lango hukuuliza kwanza, kwa sauti laini ya kike, "Umekosa nini humu ndani, mpenzi?" Na kwa kweli mtu huwa hana jibu. Ukisema umekosa kinyozi, yupo. Ukisema hewa safi, juu kabisa kuna bustani yenye upepo wa mashine. Basi wengi wetu tuliona ni utovu wa adabu kulisumbua lango. Tukahamia humo.

*

Jirani yangu wa meza alikuwa mhandisi mmoja hodari aitwaye Nyamizi. Kazi yake ilikuwa kuifundisha mashine kusema pole. Wananchi wanapopiga simu kulalamika kwamba maji hayatoki, umeme umekatika, mgonjwa amefia kwenye foleni, anayepokea ni mashine. Zamani ilikuwa ikisema pole kavukavu, na watu walikuwa wakiitukana. Nyamizi akaiongezea pumzi ndogo kabla ya neno, pumzi ya mtu aliyeguswa. Wananchi wakaanza kuishukuru. Wengine walikuwa wakipiga tena jioni kuijulia hali. Maji bado hayakutoka, lakini uhusiano ulikuwa mzuri.

"Kaka Sudi, naipenda hii kazi," aliniambia siku moja, macho yakimng'aa. "Nikiirekebisha mashine ikaelewa, nasikia raha kama mtoto ametamka neno lake la kwanza."

Nilimwamini. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mtu wa kununa. Tatizo lake lilikuwa mama.

Mama yake, Bi Kalunde, aliishi Isunga, bara kabisa, akilima karanga. Macho yake yalikuwa yanazibwa na mtoto wa jicho. Kila alipopiga simu maneno yalikuwa yaleyale: "Njoo nikuone, mwanangu, kabla giza halijaniwahi." Nyamizi akaenda langoni na mfuko wake.

"Umekosa nini humu ndani, mpenzi?" lango likamuuliza.

"Mama."

Lango likatafuta kidogo. "Mama anapatikana kwenye skrini, ghorofa ya pili. Nikuunganishe?"

Halikufunguka. Akarudi kwenye meza yake, akaketi, na siku ile mashine ilisema pole kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

*

Ikafika Wiki ya Ukweli. Hii ni sikukuu yetu ya kila mwaka, ambapo wafanyakazi huulizwa wanachokipenda na wasichokipenda. Huendeshwa na Bwana Tegemea, Mkuu wa Furaha, mtu mrefu, msafi, mwenye tai ya manjano na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto mchanga.

"Semeni, ndugu zangu," alituambia ukumbini. "Hapa si kampuni, ni nyumbani. Na nyumbani mtu haogopi."

Utaratibu tunaujua. Ya kupenda unasema mpaka uchoke. Ya kutopenda unachagua kwa hekima. Mhasibu mmoja alisimama akasema haipendi Jumamosi, kwa kuwa inamtenga na dawati lake. Tulimpigia makofi. Mwingine alilalamika kwamba chakula ni kitamu mno, kinamsahaulisha cha mkewe. Makofi tena. Mimi nilisema inaniuma kuona kitufe kikubwa kama kile kina watu arobaini tu, na Bwana Tegemea akatikisa kichwa kwa huzuni.

Ndipo Nyamizi aliposimama.

"Naipenda kazi yangu," alisema. "Nawapenda wenzangu, na supu ni nzuri. Lakini lango silipendi. Nataka kuacha kazi, nikamwone mama yangu."

Kijiko cha mtu kikaanguka. Ukutani kuna skrini zinazoandika kila tunalosema, nazo zilibabaika, kwa kuwa neno hilo hazikufundishwa. Mwishowe zikaandika: *Nataka kuiachia kazi nafasi moyoni.*

Bwana Tegemea alishuka jukwaani akamkumbatia, machozi yakimlengalenga. "Ukweli!" alisema. "Hatimaye, ukweli! Dada Nyamizi, umetupa zawadi. Hatutailaza zawadi hii."

Na kweli haikulala. Mafundi waliingia, lango la zamani likabomolewa, likajengwa jipya, pana kama goli la mpira, la shaba na kioo cha rangi. Juu yake pakawekwa picha kubwa ya Nyamizi akitabasamu, na chini ya picha maneno: LANGO LA NYAMIZI. Picha yenyewe ilitengenezwa na mashine, kwa kuwa katika picha zake zote za kweli hakuwa ametabasamu vya kutosha.

Kulizindua akaja Mheshimiwa Ndimbo, Waziri wa Teknolojia, Maendeleo na Mambo Yanayofanana na Hayo. Utepe aliukatia kwa ndani, kwa sababu alikuwa ndani tayari, tangu chai.

"Ndugu zangu wa Kitovu!" alinguruma. "Mwenzenu amesema halipendi lango. Katika nchi za kidikteta, na mnazijua, mtu akisema halipendi lango, hutupwa nje! Je, sisi tumemtupa nje?"

"Hapanaaa!" tulijibu.

"Je, tutamtoa nje?"

"Hapanaaa!"

"Kamwe! Katika utawala wa sheria, na nasisitiza sheria, mwananchi anayelalamikia mlango huongezewa mlango!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nyamizi alikuwa amesimama karibu na waziri, shada la maua shingoni, akitazama barabara kupitia kioo.

Jioni ileile alikwenda kulijaribu. Lango likamtazama yeye, likaitazama na picha iliyo juu yake.

"Nyamizi yupo tayari langoni," likasema. "Wewe ni nani, mpenzi?"

*

Kesho yake aliniomba nimsindikize ofisini kwa Bwana Tegemea. Alihitaji mtu wa kusikia, alisema, asije akaambiwa baadaye kuwa ameota.

"Sikuomba lango jipya," alianza.

"Lakini limekupendeza?"

"Bwana Tegemea, nataka kuacha kazi."

"Nililitafuta neno hilo jana," alijibu kwa upole. "Halipo. Sisi ni familia, dada. Umewahi kumsikia mtu ameacha kuwa binamu? Niambie shida yenyewe. Mama ana nini?"

"Macho. Ana mtoto wa jicho."

Uso wa Bwana Tegemea ukafunguka kama ua. "Ni hilo tu? Na ulikuwa unataka kutembea mpaka Isunga!"

Gari la kliniki likaondoka siku hiyohiyo, na Bi Kalunde akaletwa na kuku wake wawili, maana alikataa kuwaacha. Daktari wa Kitovu alimpasua jicho la kwanza, kisha la pili, bila kudai chochote, kwa ustadi ambao hospitali za serikali huusikia redioni. Nilikuwepo walipomfungua bandeji. Alipepesa, akautafuta uso wa mwanawe, akaushika kwa viganja vyote viwili kama mtu anayepima tikiti.

"Umenenepa," alisema. Akazipapasa nywele zake. "Na una mvi, Nyamizi. Wakati unaondoka ulikuwa na nywele nyeusi ti."

Walilia wote wawili, na muuguzi, na mimi. Watu husema kampuni kubwa hazina utu. Watuulize sisi tuliokuwa katika chumba kile.

Bi Kalunde aliyafurahia maisha yetu kwa muda. Alipewa chumba, kitanda kinachoinuka chenyewe, na cheo cha Mama wa Heshima, akapigwa picha ya uso ili lango limtambue. Aliwafundisha wapishi wa jiko la bara kuunga mchicha kwa karanga, na foleni ya jiko la pwani ikapungua. Lakini mvua za kupandia zilipokaribia, akaanza kusimama dirishani.

"Mwanangu, huku jua linachomozea upande gani?"

"Hiki kioo hulitawanya, mama. Linatoka kila upande."

"Jua lisilo na kwao," alisema Bi Kalunde. "Karanga zangu atazipanda nani? Na wewe, kitovu chako nilikizika kwa mikono hii pembeni ya zizi, hata kabla hawa hawajaiba neno. Twende zetu."

Nyamizi alikwenda kwanza kumshukuru daktari, na hapo ndipo alipoambiwa. Mtoto wa jicho alikuwa ameondoka, lakini nyuma yake palikuwa na presha ya macho. Ilihitaji dawa ya matone kila siku, maisha yote. Akikatiza, giza litarudi, na hilo halipasuliwi. Dawa ipo, nyingi, kwenye maduka ya Kitovu tu, na hupewa wazazi wa wafanyakazi wa Kitovu tu.

"Na mfanyakazi akiondoka?" aliuliza Nyamizi.

Daktari alimtazama kama mtu aliyeulizwa siku ina rangi gani.

*

Alikaa kwenye meza yake bila kugusa kitu. Mashine ya pole iliita, ikaita. Mwishowe alimweleza mama yake, nami nilisikia kwa kuwa kati yetu hapakuwa na ukuta, Kitovu haina kuta, sisi hatufichani.

"Nikibaki, utaona," alisema. "Uende Isunga, mimi nitakuwa nakutumia dawa kwa gari lao."

"Na wewe utakuja lini?"

Nyamizi aliinamia meza yake.

Bi Kalunde alikitoa kichupa cha dawa kwenye pindo la khanga, akakitazama kwenye mwanga. "Macho niliyaomba nikuone wewe," alisema. "Nimekuona. Nikiyatunza kwa kukuacha humu, nitakuwa natazama nini?"

"Mama, utapofuka."

"Nitapofuka kwangu. Njia ya kisimani naijua kwa nyayo. Pale penye mawe utanishika mkono."

"Sitaweza kuishi na jambo hilo. Kila ukijikwaa nitajua ni mimi."

"Kila nikijikwaa utakuwa karibu," alisema mama. "Huyu anayeitwa Furaha yuko wapi? Nipelekeni."

Tukaenda watatu. Bwana Tegemea alisimama, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kuaga. Naondoka na mwanangu."

"Mama, hilo kidogo lina ugumu. Hatuna utaratibu..."

"Mama yako yupo?" alimkatiza.

"Alifariki, mama."

"Pole. Ulimzika?"

Bwana Tegemea alishika tai yake, akainyoosha, ingawa ilikuwa imenyooka. "Ilikuwa Wiki ya Ukweli," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa naiendesha."

"Hakukuita?"

"Alipiga simu. Ikapokea mashine." Akamtazama Nyamizi, na sauti yake ya kubembeleza ikawa imekwenda sijui wapi. "Ilisema pole vizuri sana, dada. Ilivuta pumzi kwanza. Majirani waliniambia alikata roho akiamini ni mimi."

Nyamizi alijiziba mdomo. Nje ya mlango watu walikuwa wakipita kwenda kula, wakicheka, na harufu ya biriani ikaingia, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa.

Bwana Tegemea aliufunga mlango. "Kwetu hapa mtu hatoki," alisema taratibu, akifikiri huku anasema. "Hajiuzulu, hafukuzwi, hastaafu. Kitu kimoja tu ndicho hutoka." Akafungua droo, akatoa vibandiko vya manjano, vile ambavyo mafundi hubandika kwenye vifaa chakavu. Akachagua kimoja, akakibandika kwa heshima mgongoni mwa Nyamizi. Kilisema: KITI. KIBOVU. HAKITENGENEZEKI.

Nyamizi alijipapasa mgongoni, akakisoma kwa vidole. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimsikia akicheka kwa sauti.

"Na mimi?" akauliza Bi Kalunde.

"Vibandiko vya kiti vimebaki viwili, mama, lakini wewe siwezi kukuita kiti. Hiki hapa. Meza."

"Meza ya nini?"

Bwana Tegemea alitafakari. "Ya mninga, mama."

"Basi sawa," alisema, akageuza mgongo.

Kisha Bwana Tegemea akanyoosha mkono kwangu, na kile kibandiko cha kiti kilichofuata kikiwa kimening'inia kwenye kidole chake. Nikawaza watoto wangu, wanaosoma katika shule ya kampuni, ghorofa ya nne, na kwa Kiingereza kizuri. Nikawaza pia biriani. Sitasema nilianza kuwaza kipi. Nilisema, "Labda baadaye, bwana," naye akatikisa kichwa, akakirudisha kwenye droo, na hata yeye hakujibandika.

Serikali ilitangaza baadaye kwamba Kitovu haijawahi kupoteza mfanyakazi hata mmoja, na ni kweli. Mwaka ule Nyamizi alichaguliwa Mfanyakazi Bora; picha ilishushwa langoni, ikavishwa nishani na Mheshimiwa Ndimbo, ikapandishwa tena. Kuku wawili walibaki na wanaendelea vizuri. Lakini nimejitanguliza. Nilitaka kueleza walivyotoka.

Walikwenda langoni kinyumenyume, mama na binti, wameshikana mikono, migongo ikilielekea lango. Mimi nilikuwa nimewabebea mfuko.

"Umekosa nini humu..." lango lilianza, kisha likakwama, likasoma. "Kiti kibovu," likasema. "Pita salama." Likasoma tena. "Meza." Hapo likasita. "Pita salama."

Nikausukuma mfuko kwa mguu ukawafuata, na lango likafunga.

Bwana Tegemea alikuwa amekuja kusimama pembeni yangu. Wengine nao waliacha sahani zao wakaja, mmojammoja, bila kuitana, tukajipanga kwenye kioo. Tukawapungia mikono. Mtu mmoja aligonga kioo kwa pete. Mhasibu yule wa Jumamosi aliita jina la Nyamizi kwa nguvu zake zote.

Lakini kioo chetu, kwa nje, ni cha kujitazamia tu. Anayesimama upande ule hutuona sisi kama anavyoona mgongo wake. Nyamizi alikisogelea mpaka pua yake ikakaribia mkono wangu. Alijitazama. Akazitengeneza mvi zake kwa kidole, akakifunga kitambaa chake vizuri, akambandua mama yake kibandiko mgongoni. Bi Kalunde alisema jambo, midomo yake tuliiona ikicheza, na Nyamizi akajibu. Kisha akamshika mkono kwa sababu ya ngazi, wakashuka, na sisi tukaendelea kupunga.